James Dewar, Bwana wa Baridi

Mu nyumba nyingi za Lubumbashi, toka Kamalondo mpaka Katuba, termosi iko juu ya meza. Mama anatia maji ya moto asubuhi, na mangaribi chai iko bado moto. Lakini yule aliyeitengeneza hakuwaza chai hata kidogo. Alitafuta chombo cha kuchunga baridi, tena baridi ya kutisha.

Jina lake James Dewar. Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1842 kule Kincardine, inchi ya Scotland. Alipokuwa na miaka kumi alikanyaga barafu, ikapasuka, akaanguka mu maji. Homa ilimshika, akakaa kilema muda mrefu. Basi, sababu hakuweza kukimbia na wenzake, alijifunza kwa seremala kutengeneza fidla. Yeye mwenyewe aliamini kama ufundi wa mikono yake ulitoka pale.

Mwaka 1875 alikuwa profesa kule Cambridge, na mwaka 1877 akaingia Royal Institution ya London. Mu nyumba ile, tangu 1825, iko desturi ya kufundisha vijana elimu ya vitu wakati wa Noeli, na Dewar alifundisha mara nyingi. Alileta hewa iliyopozwa mpaka ikageuka maji, karibu nyuzi 190 chini ya zero! Mpira wa kaucho ukitumbukizwa mule, kiisha ukatupwa chini, unavunjika sawa kilauri.

Vijana walicheka, lakini kazi yenyewe haikuwa mchezo. Alitwaa vidude vya mviringo vya chuma, vya risasi na vya pembe ya tembo, akavipoza, akaviangusha juu ya fuawe: viliruka juu kuliko mbele. Alivuta nyaya mpaka zikakatika, akaona waya ya chuma mu baridi ile inapata nguvu karibu mara mbili. Mtu atawaza basi baridi inafaa chuma. Hapana! Mwaka 1904, pamoja na Robert Hadfield, fundi mkubwa wa chuma wa Sheffield, walionyesha kama chuma cha kawaida kinakuwa kigumu lakini hakitanuki tena, kinakatika mara moja. Mukuba, ile tunayochimba hapa kwetu, haikushindwa: inavutwa, inatanuka, haivunjiki ovyo. Tena pamoja na Bwana Fleming alikuwa amekwisha kupima kama mukuba iliyopozwa inapitisha umeme vizuri zaidi.

Kazi hii ilikuwa na hatari. Wasaidizi wake wawili, kila mmoja alipoteza jicho lake moja mu mapasuko. Tunaona si haki kama majina yao hayajulikani sawa jina lake.

Ile termosi ilitoka mu shida ya hewa ya maji, sababu inachemka na kupotea upesi. Mwaka 1892 Dewar alitia chupa ndani ya chupa, akaondoa hewa katikati. Joto linapita kwa shida sana. Lakini hakuandikisha haki yake. Mwaka 1904 Wadachi walianza kuiuza kwa jina la Thermos. Dewar alipeleka maneno mbele ya tribinali, akashindwa. Feza yote ikaenda kwa wengine.

Tarehe 10 Mei 1898 aligeuza idrojeni kuwa maji, nyuzi 253 chini ya zero. Ilibaki heli tu. Hapa, kwa kweli, tabia yake ilimponza: alikuwa mtu wa ugomvi, na Bwana Ramsay, aliyejua heli kuliko wote, alikuwa mmoja wa wale aliogombana nao. Mwaka 1908 Kamerlingh Onnes wa Leiden akamtangulia.

Wakati wa vita ya 1914 wasaidizi na feza vilipunguka. Mzee akaacha mashine za baridi, akachunguza mapovu ya sabuni. Alikufa London tarehe 27 Machi 1923, na miaka 80.