Madam C. J. Walker: mfua nguo aliyewafunza wasusi kutibu kichwa kwanza

Sarah Breedlove, anayejulikana zaidi kama Madam C. J. Walker, alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, jimboni Louisiana, Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa katika shamba la pamba. Yeye ndiye mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Akiwa na miaka 7 alikuwa yatima, akiwa na 14 aliolewa, akiwa na 20 alikuwa mjane mwenye binti mdogo.

Alihamia St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi, akawa anafua nguo za watu kwa takriban dola moja kwa siku. Huko nywele zikaanza kumnyonyoka. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya bomba, nywele zilioshwa mara chache, sabuni zilikuwa kali na chakula haba. Mba na vidonda viliachwa hadi upara ukajitokeza.

Alianza kuuza bidhaa za Annie Turnbo, mwanamke mweusi aliyemtangulia katika biashara hiyo. Mwaka wa 1905 alihamia Denver, na mwaka uliofuata akaolewa na Charles Joseph Walker, akaanza kuuza dawa yake mwenyewe. Alisimulia kwamba aliioteshwa usingizini. Turnbo, kwa upande wake, alilalamika hadharani kwamba bidhaa zake zinaigwa. Salfa iliyokuwa ndani ya dawa hiyo ilitumika kwa magonjwa ya ngozi tangu zamani. Ndoto iliuza vizuri, lakini huenda maji na usafi ndivyo vilivyofanya kazi kubwa.

Jipya hasa lilikuwa mafunzo. Mwaka wa 1908 alifungua shule ya wasusi mjini Pittsburgh, akaiita Lelia kwa jina la bintiye, na mwaka wa 1910 akahamishia makao ya kampuni Indianapolis. Wanafunzi walijifunza kuanza na ngozi ya kichwa: kuiosha, kuipaka dawa, kuisugua, ndipo wafikie mtindo. Kwa kuwa njia yake ilitumia pia kitana cha moto, wakosoaji walidai anawafundisha weusi kuiga wazungu. Alikana, akisisitiza kwamba kazi yake ni kukuza nywele.

Maelfu ya wanawake waliokuwa wafua nguo na wapishi wa watu walipita nyumba kwa nyumba na dawa zake, wakipata kipato chao wenyewe. Agosti 1917 zaidi ya 200 kati yao walikutana Philadelphia. Mbali na biashara, walimwandikia Rais Wilson wakipinga mauaji ya weusi mikononi mwa makundi ya wazungu.

Walker alifariki tarehe 25 Mei 1919 nyumbani kwake Irvington, karibu na New York, akiwa na miaka 51. Binti yake alirithi kampuni, na wasusi wakaendelea kupita milangoni na mikebe yao.