Koch na hadubini yake: Kipimo ni kizuri, mpimaji je?

Mama wa Mbuchi, kule delta ya Rufiji wilayani Kibiti, mtoto wake akichemka homa usiku, kiganja chake hakiwezi kumwambia kama ni malaria au homa nyingine. Kiganja kinajua joto tu. Kujua zaidi kunahitaji kipimo, na historia ya kipimo hicho kwa sehemu imepita hapa hapa kwetu, mikononi mwa Mjerumani Robert Koch.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal. Alianza akiwa daktari wa kawaida wa mji mdogo, akitibu watu na, muda ukibaki, akichungulia kwa hadubini damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 alithibitisha kijidudu kinachosababisha kimeta. Machi 24, 1882, mjini Berlin, alitangaza kuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Maradhi ambayo watu walikuwa wakiyakisia sasa yalionekana kwa macho.

Lakini sifa hulevya. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. La ajabu ni kwamba dawa iliyoshindwa ikageuka kuwa kipimo. Hadi leo aina yake iliyosafishwa huchomwa kwenye ngozi ya mkono, na baada ya siku mbili au tatu uvimbe hupimwa kwa milimita ili kujua kama mtu ameambukizwa.

Mwaka 1897 na 1898 Koch alikuwa Dar es Salaam akipima damu za wagonjwa wa homa, kutenganisha wenye malaria na wasio nayo. Alirudi mwaka 1905, mwaka ambao Umatumbi na Rufiji ziliwaka moto wa Maji Maji. Safari hii alikusanya papasi kwenye mabanda ya njia za misafara, akaona kuwa vijidudu vya homa ya papasi huingia mpaka kwenye mayai yao. Kumbe homa zinazofanana kiganjani, hadubini huzitenganisha, na dawa zake si moja. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kupambana na malale. Zaidi ya watu elfu moja walichomwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Hadubini ilionyesha vimelea vimetoweka kwenye damu. Baadaye vikarudi. Koch akaongeza dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka moja kwa moja.

Je, hadubini ilisema uongo? Hasha. Iliulizwa habari za damu, ikajibu habari za damu. Habari za macho walikuwa nazo wagonjwa wenyewe, lakini walikuwa watu wa kutawaliwa, na neno lao halikuwa na uzito mbele ya daktari mkubwa. Nani angethubutu kumwambia basi?

Koch alifariki Mei 27, 1910, huko Baden-Baden. Wapo wanaomsifu tu na kuficha ya Ssese. Wapo pia ambao kwa ajili ya Ssese wangependa tuvikatae vipimo vya wazungu. Wote wamekosea. Mpunjaji akishika mizani sokoni, hatuvunji mizani, tunamkagua anayeishika.

Basi nasi wa mijini, tunaokimbilia duka la dawa kununua dawa ya malaria kabla ya kupima, tujirekebishe. Tupime kwanza. Tukishapima, tuulize: kipimo kimeonyesha nini, na dawa hii itanifanya nini? Kuuliza si utovu wa adabu. Mama wa Mbuchi naye anastahili yote mawili: kipimo cha kweli, na mpimaji anayemsikiliza.