Wilder Penfield: Daktari aliyeuliza njia kabla ya kukata

Ukitoka Homa Bay kwenda Migori kupitia Rongo, uko jirani kabisa na Kisii. Huko waganga wa jadi walifungua fuvu kutibu maumivu ya kichwa ya mtu aliyegongwa, bila dawa ya usingizi ya hospitali. Kwa hivyo ukisikia kuna daktari aliyepasua vichwa vya watu wakiwa macho, usishtuke sana. Yeye aliongeza umeme.

Wilder Penfield alizaliwa Marekani mwaka 1891. Akiwa mwanafunzi wa Oxford, mwaka 1916, meli aliyopanda ilipigwa kombora baharini, akaumia mguu. Alipona, akawa daktari, na mwaka 1928 akahamia Montreal, Kanada.

Mwaka huohuo shida ikabisha hodi kwao. Dada yake, Ruth, alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Penfield alimpasua mwenyewe, lakini hakuweza kuutoa wote. Ruth alifariki 1931. Mwaka 1934 Penfield akafungua taasisi ya ubongo pale Montreal.

Swali lilikuwa moja: ukate wapi, uache wapi? Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Basi alitia ganzi ngozi ya kichwa tu, mgonjwa akabaki macho wakipiga stori. Kisha akagusa ubongo kwa umeme kidogo. Mkono ukicheza, hapo ni pa mkono. Mgonjwa akikwama kuongea, hapo ni pa lugha, paachwe! Wengi wao walikuwa na kifafa, na majibu yao ndiyo yaliyochora ramani ya ubongo.

Penfield alifariki 1976. Miaka 11 baadaye, kule Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid alikuwa akipima kwa umeme mahali pa kukata kwenye ubongo wa mgonjwa anayetetemeka. Alipoongeza kasi ya mipigo ya umeme, mtetemeko ukatulia. Yaani kilichokuwa kipimo kikawa tiba! Leo baadhi ya wagonjwa wa Parkinson huwekewa waya ndani ya ubongo, na daktari huangalia mkono unavyotulia ili ajue amefika penyewe.

Si kila mtetemeko ni Parkinson, na wenye Parkinson wengi huanza na vidonge. Lakini kama mkono wa babu kule Ndhiwa au Awendo hautulii, msiseme karogwa, wala msiseme ni uzee tu. Mpelekeni hospitalini.