Bibi Dorothy Brooke, aliyewapumzisha farasi wa vita mjini Cairo

Katika mtaa wa Sayyida Zainab mjini Cairo, jina ambalo msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa, ipo hospitali ambayo wagonjwa wake hawana ulimi wa kusema wanaumwa wapi. Ni farasi, punda na nyumbu. Huletwa na wenyewe, mwenye gari la kukodi, muuza mboga, mbeba matofali, na hutibiwa pasina malipo. Hospitali hii ilianzishwa mwaka 1934, na aliyeianzisha ni mwanamke wa Kiingereza, Bibi Dorothy Brooke.

Nimeona leo nimweleze bibi huyu kwa wasomaji wa ukurasa huu, si kwa kuwa aliwapenda wanyama, kwani wapendao wanyama ni wengi, na aghalabu mapenzi yao huishia kwa paka wa nyumbani. Namweleza kwa kuwa alilitambua jambo ambalo wengi wenye huruma hulisahau: huruma kwa mnyama wa kazi haina njia ya kumfikia ila ipitie kwa mwenye mnyama.

Bibi Dorothy alizaliwa Uingereza mwaka 1883, katika watu wenye uwezo, akakua akiwazoea farasi tangu utotoni. Mume wake wa pili alikuwa Geoffrey Brooke, ofisa wa jeshi na mpanda farasi hodari. Mwaka 1930 mumewe alipelekwa Misri kuongoza askari wa farasi wa Kiingereza, naye akafuatana naye. Wakati huo bibi alikuwa ameshafika miaka arobaini na saba. Angaliweza kukaa barazani akanywa chai na wake wa maofisa wenziwe, na hapana ambaye angalimlaumu. Lakini alikwenda Misri na jambo moyoni: alitaka kujua wako wapi farasi wa vita.

Hapa yafaa turudi nyuma kidogo. Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 sisi wa Afrika Mashariki twavikumbuka kwa jina la Kariakoo, kwa sababu huku kwetu mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu, na mizigo ya majeshi ikatwikwa vichwani na migongoni mwa watu. Lakini huko Misri na Palestina vita vilipiganwa juu ya farasi. Tarehe 31 Oktoba 1917 askari wa Australia waliiendea mbio Beersheba na farasi wenye kiu, wakauteka mji pamoja na visima vyake. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, majeshi ya Jemadari Allenby yaliingia Damascus. Farasi walivuka jangwa, wakalala bila ya kuvuliwa matandiko, wakala risasi kama walivyokula askari.

Vita vilipokwisha, askari walipandishwa merikebu wakarudi makwao. Farasi je? Kuwasafirisha kulikuwa ghali, na Australia ilichelea wasije wakaingiza maradhi katika nchi. Farasi zaidi ya 120,000 walikuwa wametolewa Australia kwenda vitani sehemu mbalimbali za dunia, na aliyerudi ni mmoja tu, jina lake Sandy, kipando cha jenerali aliyekufa kwa jeraha alilolipata Gallipoli mwaka 1915. Wengine walipewa vikosi vingine, wengine wakapigwa risasi kwa amri, na maelfu wakauzwa katika masoko ya Misri kwa yeyote mwenye kuweza kulipa.

Basi farasi aliyembeba askari akawa wa kukokota mawe kutoka machimboni. Alikuwa na saisi wa kumsugua, na shayiri kila siku kwa kipimo. Sasa akawa anafanya kazi tangu alfajiri hata usiku, katika joto asilolizoea, kwa bwana ambaye mwenyewe hana uhakika wa chakula cha jioni.

Bibi Dorothy alipowasili Cairo miaka kumi na miwili ilikuwa imeshapita tangu vita kwisha. Alianza kuwatafuta. Kuwatambua hakukuwa kugumu kwa mwenye kujua: jeshi la Kiingereza lilikuwa likiwapiga farasi wake chapa ya mshale kwa chuma cha moto, na alama hiyo haifutiki. Bibi aliiona chapa ile chini ya vumbi na vidonda, juu ya wanyama ambao mbavu zao zilikuwa zikihesabika. Wapo waliokuwa vipofu. Wapo ambao miguu imepinda hata hawawezi kuikunjua. Wengi walikuwa wamepita miaka ishirini, na farasi wa miaka ishirini ni mzee.

Miongoni mwa wa mwanzo aliokutana nao ni farasi mmoja aliyekuwa mifupa na ngozi, ambaye alipewa jina la Old Bill. Bibi alimnunua. Hakumnunua ampande, wala ampeleke Uingereza aonyeshwe watu. Alimnunua ili apate kupumzika, ale ashibe, anywe maji safi, kisha afishwe pasina maumivu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatua ya kwanza, na hatua zote zilizofuata zilikuwa kwa mfano huo.

Pesa za mtu mmoja, hata awe na mume ofisa, haziwezi kununua maelfu ya farasi. Kwa hiyo mwaka 1931 Bibi Dorothy aliandika barua katika Morning Post, gazeti la London. Aliwaeleza watu wa kwao kwamba farasi waliowapigania bado wako hai, na wako katika hali gani. Mimi ambaye kalamu ndiyo kazi yangu, nazingatia sana namna alivyoielekeza barua ile. Haikuwa ya kuwatukana Wamisri. Ilikuwa ya kuwatia haya Waingereza. Waliowauza farasi wale ni wao, tena waliwauza wakijua, na aibu aliiweka pale ilipostahili kukaa. Michango ikamiminika. Katika muda wa kiasi cha miaka mitatu bibi na kamati yake waliwanunua farasi wa vita wapatao 5,000.

Kununua kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Mwenye farasi huja naye, tabibu wa wanyama akamtazama, na bei ikakatwa. Bibi hakutaka kumpunja mtu. Alijua kwamba mtu yule akiondoka na pesa kidogo atakwenda kununua mnyama mwingine mgonjwa wa bei rahisi, na taabu ile ile itaanza upya mlango wa pili. Akipata bei ya haki, huenda akanunua mnyama mwenye nguvu, akamtunza, naye akamtumikia miaka.

Farasi akishanunuliwa alipelekwa zizini, ambako sakafu ilitandikwa mabua makavu yaliyokatwakatwa, ambayo Wamisri huyaita tibn, mpaka yakawa kama godoro. Bibi ameyaandika katika kumbukumbu zake mambo aliyoyaona hapo. Farasi aliyelala miaka juu ya mawe alikuwa akisimama mlangoni akisita, kwato zake zikilijaribu tandiko lile laini, kama asiyeamini kuwa limewekwa kwa ajili yake. Kisha hujitupa, akalala. Siku chache alikuwa akipewa chakula, maji na kivuli. Wengi wao walikuwa wameharibika kiasi cha kutotibika, na mwisho wao ulikuwa kufishwa kwa njia isiyo na maumivu.

Najua hapa msomaji atasita, nami nimesita. Mtu ametafuta pesa dunia nzima, akanunua farasi, kisha akawaua! Mambo ya kumfisha mnyama mgonjwa wanavyuoni wetu wana maneno yao, nami si mwanachuoni wa kukata hukumu. Ninaloweza kusema ni kwamba bibi yule hakuifanya kazi hii kwa wepesi. Alikuwapo mwenyewe, siku baada ya siku. Angaliweza kuchagua watano walio wazuri, akawapiga picha wamenenepa, akawatumia waliochanga. Aliwachagua wale ambao hapana kheri iliyobaki kwao isipokuwa mapumziko, na akaukubali uzito wa jambo hilo.

Sasa nije kwa wenye farasi. Ni rahisi sana kumwona mnyama aliyekonda ukamchukia anayemwendesha. Mgeni anayepita njiani, ameshiba, mkononi ana mwavuli, huona fimbo tu. Bibi Dorothy alikaa na watu wale akawajua. Aliona kwamba mbavu za farasi zinazohesabika zimefuatana na mbavu za mtu zinazohesabika. Mnyama ndiye duka lake, ndiye shamba lake. Akimpumzisha siku tatu kwa ajili ya kidonda, watoto watalala na njaa siku tatu. Mtu huyo hahitaji kuhubiriwa. Anahitaji tabibu asiyemdai pesa.

Hiyo ndiyo asili ya hospitali ya 1934. Wakati huo farasi wa vita walikuwa karibu wamekwisha, na neno alilokuwa ameliahidi bibi lilikuwa limetimia. Angaliweza kufunga hesabu akashika njia yake. Badala yake alifungua hospitali akaiita kwa kumbukumbu ya farasi wale wa vita, lakini milango yake ikawa wazi kwa farasi na punda wote wafanyao kazi mjini, bure.

Yuko atakayeuliza, na ana haki: wakati huo Misri yenyewe ilikuwa chini ya majeshi ya Waingereza, je, bibi huyu hakuwaona watu mpaka akaona farasi? Jibu langu ni kwamba alianza na deni la jeshi lake, na hilo lilikuwa lake kulilipa. Lakini hakuishia hapo. Punda wa muuza mboga hakumpigania Mwingereza vita yoyote. Kumtibu punda yule ni kumsaidia muuza mboga, na nyuma yake nyumba nzima.

Wala Cairo haikuwa ngeni wa mambo haya. Sultani Baybars, aliyefariki mwaka 1277, aliacha bustani karibu na msikiti wake iwe wakfu wa paka wasio na wenyewe. Na sisi sote tulisomeshwa chuoni kisa cha yule aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Bibi Dorothy alikuwa Mkristo aliyetoka mbali, lakini kazi aliyoifanya ilieleweka na jirani zake wa Sayyida Zainab bila ya mkalimani.

Alifariki mjini Cairo mwezi wa Juni mwaka 1955, naye ni wa miaka sabini na mbili, akazikwa huko huko. Mwaka uliofuata vikaja vita vya Suez, na mambo ya Waingereza mengi katika Misri yakavunjika. Hospitali haikuvunjika. Baadaye kazi yenye jina lake ilienea Jordan, Pakistan na India, ikafika na hapa Kenya.

Pwani yetu nayo ina fungu lake katika habari hizi. Mwaka 1987 bibi mwingine wa Kiingereza, Elisabeth Svendsen, alifungua Lamu kituo cha kuwatibu punda, na kituo kile kikawafaa wengi. Mwenye kuijua Lamu anajua kwamba bila ya punda hapana mchanga, hapana mawe, hapana boriti, na nyumba hazijengwi. Njia ni nyembamba, gari haipiti, punda ndiye apitaye na shogi zake. Nimewaona wenye vidonda vya mgongo, kamba imekata mpaka nyama. Nimewaona pia wachukuzi ambao humshusha punda mzigo kabla hawajajipangusa jasho wao.

Na punda wa Kenya wamepita mtihani mkubwa miaka hii. Palifunguliwa machinjio ya kuwachinja kwa ajili ya ngozi ziendazo Uchina kutengenezewa dawa, na watu wakawa wanaamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa na punda hayupo. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mwaka uliofuata mahakama ikaitangua amri, na mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuusimamisha katika bara zima kwa muda wa miaka kumi na mitano. Walioumia zaidi katika wizi ule ni nani? Ni mama wa kuchota maji, na kijana wa mkokoteni. Aibiwapo punda, huibiwa na riziki.

Kwa hivyo anayetaka kumfuata Bibi Dorothy hana haja ya kusafiri hadi Misri wala kuandikia magazeti ya London. Akimwona punda ana kidonda, na aanze kwa kumsalimu mwenye punda. Amuulize amepata mizigo mingapi leo. Kisha amtafutie gunia la kuweka chini ya kamba, na ndoo ya maji kivulini. Ikiwa ni yeye mwenye mzigo wa kubebwa, basi apunguze jiwe moja au mawili, na ujira aulipe wote.