Bibi Titi Mohamed na Nyumba Zake

Tulipokaa kupanga kijitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu, wanachama walitaka humu ndani yawemo pia maisha ya mama mmoja mashuhuri aliyetutangulia. Majina yalitajwa mengi. Tukamchagua Bibi Titi Mohamed, ingawa wapo wenzetu waliosema kisa chake kina utata. Ni kweli kina utata, na ndiyo maana tumekitaka.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakupenda asome. Baba alipofariki, mama yake akampeleka shule, akapata madarasa manne. Alipotimiza miaka 14 akaozwa kwa mume aliyemzidi sana umri, wakajaliwa binti, wakaachana. Hayo wengi wetu tunayajua bila kusimuliwa.

Kilichomtoa ni sauti yake. Aliimba katika kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. Vijana wa siku hizi watadhani lelemama ilikuwa ngoma tu ya kujifurahisha. La hasha. Vikundi vile vilikuwa na viongozi, sare na michango, na mwanachama akifiwa au akiozesha, wenzake walisimama naye. Walikuwa na karibu kila kitu tulicho nacho sisi, isipokuwa kisanduku cha kufuli tatu.

TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, yeye na mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, dereva wa teksi, walikuwa kati ya watu wa mwanzo kabisa kuchukua kadi. Mwaka uliofuata akakabidhiwa kitengo cha wanawake. Alianza na viongozi wa vikundi vya ngoma, maana ukimpata kiongozi umepata kikundi kizima. Kwa muda wa miezi mitatu hivi, wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi.

Tujiulize, kwa nini wanawake wakubali upesi hivyo? Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na TANU, na anayekula mshahara wa mkoloni alikuwa na cha kupoteza. Lakini muuza maandazi, au mama anayepika pombe ya kienyeji, nani angemfukuza kazi? Hela yake ilikuwa ndogo lakini ni yake mwenyewe. Jamani, jambo hili tusilipite hivi hivi. Katika vitabu vya historia mara nyingi tunatajwa kama wapiga vigelegele tu.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 ikaundwa UWT, Bibi Titi akawa kiongozi wake wa kwanza. Alikuwa pia mbunge na waziri mdogo, mpaka aliposhindwa uchaguzi wa mwaka 1965 kule Rufiji.

Sasa tufike kwenye nyumba. Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Benki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma, na viongozi wakawekewa masharti: wasiwe na hisa katika makampuni, wasipokee mishahara miwili, wasiwe na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Akajiuzulu kwenye Kamati Kuu ya TANU.

Hapa ndipo tulipobishana mpaka jioni. Wako waliosema Mwalimu alikuwa na haki: kiongozi akishaanza kukusanya kodi, atamkumbuka lini mpangaji? Tunakubali. Tumeona wenyewe baadaye, masharti yale yalipolegezwa mwaka 1991, viongozi walivyojenga. Lakini wengine wakauliza, mama mwenye madarasa manne, aliyekwisha kupoteza ubunge, angeshika nini uzeeni? Kwa mwanaume mwenye shahada nyumba ilikuwa nyongeza. Kwake yeye ilikuwa ndiyo shahada yenyewe. Sisi tulioandika tunaona Azimio lilikuwa na nia njema, ila lilimpima tajiri na mama wa vyumba viwili kwa kibaba kimoja. Na humu kikundini, mikopo mingapi imeombwa kwa ajili ya kuezeka chumba cha kupangisha? Mhasibu anajua.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri, na maofisa wa jeshi, wakashtakiwa kwa uhaini. Alikana. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiliwa kwa msamaha wa Rais Nyerere. Alipotoka, mume alikuwa amekwisha kumwacha na marafiki wa siasa walimkwepa. Nyumba zake za Upanga zilikuwa zimetaifishwa, na ni katika miaka ya 1980 ndipo aliporudishiwa nyumba. Yule aliyejaza viwanja vya mikutano akaishi miaka mingi kimya kimya, watu wakiogopa hata kumsalimia.

Mwaka 1991, taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, ndipo jina lake lilipoanza kutajwa tena kwa heshima. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 mjini Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa. Barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa UWT sasa ina jina lake, na upande wake mmoja, ukishavuka, ni Upanga.