Allidina Visram: Aliyeifuata Reli kwa Maduka

Wengi hapa Mombasa twalijua jina lake kwa shule tu. Allidina Visram alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851, akaja Bagamoyo angali mtoto, akafanya kazi kwa Sewa Haji Paroo. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, aliifuata kwa maduka hadi Uganda. Akiuza nguo na chumvi, akinunua ngozi na pembe.

Reli ilikata nyanda za Athi, upande wa Kinanie, ikaiacha Machakos kando. Biashara nayo ikahamia stesheni.

Alifariki mwaka 1916. Leo reli mpya yapitisha mizigo ya bandari yetu nyanda zile zile. Vijana wa Pwani, je, mtaifuata au mtaitazama?