Blanche Hillyard: Mwanamama aliyefika nusu fainali ya Wimbledon akiwa na miaka 48

Na Mwandishi Wetu

SERENA Williams alipotwaa taji lake la mwisho la Wimbledon mwaka 2016, ilikuwa imepita miaka 14 tangu alipotwaa la kwanza mwaka 2002. Wapenzi wengi wa tenisi walistaajabu, wakiwa hawajui kwamba mwanamke mwingine alikwisha kufanya hivyo zaidi ya karne moja kabla yake.

Mwanamke huyo ni Blanche Bingley Hillyard wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa Wimbledon kwa mchezaji mmoja mmoja mara sita, kati ya mwaka 1886 na 1900. Alicheza fainali 13, idadi ambayo hata Martina Navratilova, bingwa mara tisa, hakuifikia. Navratilova aliishia fainali 12.

Hata hivyo, jina lake halikujengwa na mataji peke yake. Lilijengwa pia na moyo wa kurudi uwanjani kila aliposhindwa, na ndoa ambayo ndani yake mume na mke wote walishika raketi hadi umri ambao wenzao walikuwa wamekwisha kuwa watazamaji.

Blanche alizaliwa Novemba 3, 1863 huko Greenford, eneo ambalo leo limo ndani ya jiji la London. Mwaka 1884, Wimbledon ilipofungua milango yake kwa wanawake kwa mara ya kwanza, wanawake 13 walijitokeza, naye alikuwa mmoja wao. Bingwa wa mwaka huo alikuwa Maud Watson.

Mwaka uliofuata Blanche alifika fainali, lakini Watson akamshinda tena. Mwaka 1886 alilipa kisasi kwa kumshinda bingwa huyo kwa 6-3, 6-3 na kutwaa taji lake la kwanza akiwa na umri wa miaka 22.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1887 alitokea msichana wa miaka 15, Lottie Dod, aliyemshinda Blanche katika fainali kwa 6-2, 6-0. Julai ya mwaka huo huo, Blanche alifunga ndoa na George Hillyard, kijana aliyepitia jeshi la wanamaji, mcheza kriketi na mcheza tenisi mahiri.

Kwa miaka iliyofuata Dod aligeuka kuwa mwiba kwake. Wawili hao walikutana katika fainali za mwaka 1887, 1888, 1891, 1892 na 1893, na mara zote tano Blanche aliondoka mikono mitupu. Katika fainali ya 1892 aliambulia michezo miwili tu.

Mchezaji mwingine angekata tamaa. Blanche aliendelea kupambana, na mwaka 1893 alimnyang'anya Dod seti ya kwanza kwa 8-6 kabla ya kupoteza mbili zilizofuata. Baada ya fainali hiyo, Dod aliuaga mchezo akiwa na miaka 21. Blanche, aliyekuwa na miaka 29, alikuwa bado na mataji manne mbele yake.

Uvumilivu wake ulikwisha kuonekana mapema zaidi. Katika fainali ya 1889, ambayo Dod hakushiriki, Lena Rice wa Ireland alitwaa seti ya kwanza, na katika ya pili alibakiza pointi moja tu kuwa bingwa. Blanche alijiokoa mara tatu, akashinda 4-6, 8-6, 6-4.

Enzi hizo bingwa mtetezi hakucheza raundi za awali. Alisubiri fainali, akakutana na mshindi wa wengine wote. Lakini Blanche alinufaika na utaratibu huo mara tatu tu, mwaka 1887, 1900 na 1901. Fainali nyingine 10 alizifikia kwa kupambana raundi kwa raundi.

Silaha yake kuu ilikuwa pigo zito la mkono wa kulia, na alizoea kucheza akiwa amevaa glavu. Mbali na Wimbledon, alikuwa bingwa wa Ireland mara tatu na wa Ujerumani mara mbili.

Nyumbani kwao Thorpe Satchville, katika jimbo la Leicestershire, kulikuwa na viwanja vya tenisi ambako nyota wa wakati huo walikaribishwa kucheza. Walijaliwa watoto wawili, na mataji ya mwaka 1897, 1899 na 1900 Blanche aliyatwaa akiwa tayari mama. Katika yote matatu mpinzani wake wa fainali alikuwa Charlotte Cooper. Baada ya kizazi chao, Wimbledon haikupata tena bingwa mwanamke aliye mama hadi mwaka 1980, alipotokea Evonne Goolagong wa Australia.

George naye hakuwa mume wa kubeba mikoba. Alicheza fainali ya Wimbledon kwa wachezaji wawili wawili mwaka 1889 na 1890, akashindwa zote. Malipo ya subira yake yalikuja katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908, alipotwaa medali ya dhahabu pamoja na Reginald Doherty, akiwa na umri wa miaka 44.

Wakati huo alikuwa tayari Katibu wa klabu inayoendesha Wimbledon, wadhifa alioushika tangu 1907 hadi 1925. Ni katika kipindi chake ambapo mashindano yalihama kutoka Worple Road kwenda Church Road mwaka 1922, kwenye viwanja vinavyotumika hadi leo.

Mkewe hakutosheka kukaa jukwaani. Mwaka 1912, miaka 28 baada ya kushiriki kwa mara ya kwanza, Blanche alifika nusu fainali ya Wimbledon akiwa na miaka 48.  Alirudi tena mwaka 1913, akiwa na miaka 49, kabla ya kuhitimisha safari yake katika mashindano hayo.

Wanandoa hao walimalizia maisha yao Pulborough, kusini mwa Uingereza. George alifariki dunia Machi 1943, baada ya miaka 55 ya ndoa. Blanche alimfuata Agosti 6, 1946, akiwa na umri wa miaka 82.

Lottie Dod aliyemshinda mara tano anakumbukwa kwa kipaji kilichong'ara mapema na kuondoka mapema. Blanche anakumbukwa kwa kuwa, kila Wimbledon ilipodhani imekwisha kumaliza naye, alirudi.